Gari Linalonusa Mafuta Lilizaliwa Bungeni

Kwa miaka kadhaa nimeishi Morogoro na kufundisha Dar es Salaam. Ni takriban kilomita 190 kwenda, na nyingine kama hizo kurudi. Gari linalokwenda kilomita 10 kwa lita moja humaliza lita 38 katika safari hiyo. Linalokwenda kilomita 16 kwa lita humaliza pungufu ya lita 24. Kwa mtumishi anayesafiri mara mbili kila wiki, tofauti hiyo ndiyo ada ya shule ya mtoto. Si ajabu, basi, kwamba swali ninaloulizwa mara nyingi na wenzangu si la mitaala: ninunue gari gani, na nilifanyie nini, ili lisile mafuta bali linuse tu?

Swali hilo tumezoea kumpelekea fundi au dalali. Nashauri tulipeleke pia kwa mwanahistoria, kwa sababu gari dogo tunaloliegesha uani ni zao la maamuzi ya kisiasa, na mengi kati yake hayakufanywa na sisi.

Mwanzo wake ni Oktoba 1973. Nchi za Kiarabu zinazozalisha mafuta ziliamua kuyanyima mataifa yaliyoiunga mkono Israel katika vita vya mwezi huo. Pipa lililouzwa kwa takriban dola 3 likakaribia dola 12 mapema mwaka uliofuata. Uholanzi, tarehe 4 Novemba 1973, magari binafsi yalizuiwa kutembea Jumapili, na watoto wakaendesha baiskeli katika barabara kuu. Nchini Marekani, Rais Nixon alitia saini, tarehe 2 Januari 1974, sheria iliyoweka kikomo cha mwendo cha maili 55 kwa saa, yaani karibu kilomita 88.

Mwezi Desemba 1975 ikafuata sheria nzito zaidi. Iliwataka watengenezaji wahakikishe kuwa magari yao madogo, kwa wastani, yanafikia maili 27.5 kwa galoni ifikapo 1985, sawa na kilomita 11.7 hivi kwa lita. Viwanda vilivyozoea injini kubwa vililazimika kujifunza udogo. Lakini sheria hiyo ilikuwa na ufa. Magari yaliyohesabiwa kuwa ya mizigo yaliwekewa masharti mepesi, na taratibu viwanda vikaanza kuuzia familia magari makubwa yaliyopita katika ufa huo. Kwa takriban miongo miwili, wastani wa ulaji wa mafuta wa magari mapya nchini humo haukuboreka. Ufundi uliendelea kukua, ila ulitumika kuongeza uzito na nguvu.

Japani ilikuwa imeshika njia nyingine. Kodi ya gari ya kila mwaka hupanda kwa ngazi kulingana na ukubwa wa injini, na kwa magari ya kawaida ngazi ya chini kabisa huishia cc 1000. Isitoshe, ukaguzi wa lazima, ambao kwa gari jipya huja baada ya miaka mitatu kisha kila miaka miwili, humgharimu mwenye gari fedha nyingi. Matokeo yake ni mawili: injini ndogo zikapata soko kubwa, na magari yaliyo bado mazima yakapakiwa melini kwenda kuuzwa ng'ambo. Toyota Vitz ya cc 1000, iliyozinduliwa 1999, tunaiona leo Msamvu na Mbezi kana kwamba ilibuniwa kwa ajili yetu. La hasha. Ilibuniwa kwa ajili ya mlipakodi wa Kijapani, nasi tukairithi.

Hatukuwa watazamaji tu katika historia hii. Kupanda kwa bei ya mafuta kwa mara ya pili, 1979, kulitukuta tukiwa tumetoka katika Vita vya Kagera. Wazee wetu wanakumbuka foleni za petroli na Jumapili ambazo magari binafsi yalizuiwa kutembea alasiri. Tulibana matumizi kwa amri, kwa sababu fedha za kigeni hazikuwapo; hatukupata nafasi ya kujiuliza ni magari ya aina gani yanalifaa taifa letu.

Sasa nirudi kwa fundi. Ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa mwendo: ukitoka kilomita 80 kwa saa hadi 100, nguvu ya hewa inayokupinga huongezeka kwa zaidi ya nusu. Hapo ndipo ilipo hekima ya kile kikomo cha maili 55. Kwa hiyo marekebisho ya kwanza ni ya mguu wa dereva. Ya pili hayahitaji mtaji mkubwa: ondoa keria isiyo na mzigo, jaza upepo wa matairi kama kiwanda kilivyoelekeza, badilisha plagi na chujio la hewa kwa wakati. Vijana wetu, kinyume chake, huliinua gari na kulivalisha matairi mapana, kisha humlaumu aliyewauzia kwamba linakula mafuta.

Yapo marekebisho makubwa zaidi, nayo yanaturudisha kwenye siasa. Gesi ya Songo Songo ilianza kufika Dar es Salaam 2004, na leo magari mengi jijini yamefungwa mtungi wa gesi. Lakini msafiri wa barabara kuu hawezi kuutegemea mtungi huo pekee iwapo vituo vingi vya kujazia viko jijini. Fundi anaweza kufunga mtungi; hawezi kujenga kituo. Vivyo hivyo, mwaka 2017 Serikali ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya gari na kuongeza shilingi 40 katika ushuru wa kila lita. Tangu hapo, anayekwenda mbali ndiye anayelipa zaidi, akiwemo abiria wa basi ambaye hana gari kabisa.

Juni 2024 treni ya umeme ilianza safari kati ya Dar es Salaam na Morogoro. Siku hizi gari langu dogo hupumzika mara kwa mara, nami husahihisha mitihani njiani. Sijaliuza, kwa kuwa treni haifiki kila ninakokwenda. Ila nimejifunza jambo moja: mwananchi mmoja mmoja anaweza kuokoa lita chache kwa busara yake, lakini lita za taifa zima huokolewa kwa sheria, kodi na reli. Anayetafuta gari lisilokula mafuta na amwulize fundi wake. Kisha asisahau kumwuliza na mbunge wake.