Usafi Ulioishia Mnazi Mmoja: Historia ya Afya, Mjini na Kawe

Katika miaka ya 1890 Dar es Salaam ilipata hospitali mbili. Ya Wazungu ilisimama Ocean Road, ufukweni kwenye upepo. Ya Waafrika na Wahindi ilitokana na fedha za tajiri Sewa Haji Paroo, aliyefariki mwaka 1897. Mwaka huohuo bingwa wa vijidudu, Robert Koch, alikuja kuchunguza malaria.

Mwaka 1901 Daktari Ollwig akaanza kuifanyia kazi rai ya Koch: vimelea viuliwe ndani ya damu ya watu. Wapimaji wakaingia nyumba kwa nyumba, wakachoma vidole, wakatazama damu kwa hadubini, na aliyekutwa na vimelea akanyweshwa kwinini. Kazi hiyo ilikuwa ya mji. Nje ya mji, Kawe, Msasani na Kunduchi zilibaki shamba, ingawa watu hawakuacha kwenda na kurudi.

Waingereza waliuchukua mji kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916, na hoja ya afya wakaigeuza kuwa mpaka. Kati ya Uhindini na Kariakoo, mtaa wa Waafrika, liliachwa eneo wazi, Mnazi Mmoja. Sababu mojawapo iliyotajwa ni kuzuia maradhi yasivuke. Naona hapo ndipo sayansi ilipotumikishwa na ubaguzi. Mpishi, dobi na yaya walivuka uwanja huo kila alfajiri kwenda kuwahudumia walewale waliowaogopa. Lililopaswa kuvuka kwenda upande wa pili ni mifereji na maji safi.

Baada ya Vita ya Pili ya Dunia, Kawe ikapata kiwanda cha nyama za makopo, Tanganyika Packers. Watu wakafuata kazi, nyumba zikaongezeka, shamba likawa mtaa.

Mwaka 2006 jiji lilianza kunyunyiza dawa ya kuua viluwiluwi vya mbu katika kata tatu za mwanzo: Mikocheni, jirani wa Kawe, pamoja na Buguruni na Kurasini. Safari hii wakazi wenyewe ndio waliokagua madimbwi na mitaro. Lakini Agosti 2015 kipindupindu kililipuka wilayani Kinondoni, ilipo Kawe, kikasambaa nchini. Wakazi wengi wa pembezoni hawajafikiwa na bomba la majitaka. Masika yakianza, wapo wanaotapisha vyoo, na uchafu hufuata mkondo kama wa Mlalakuwa hadi baharini. Bwana afya anaweza kutoza faini, lakini gari la kunyonya choo lina gharama, na katika vichochoro vingine haliingii. Kazi ya kuondoa majitaka hayo manispaa inadaiwa.