Binti Mwenye Adabu

Siku ya tatu ya msiba wa baba yetu mkubwa, pale Endagikot, dada yangu alimshika mwanawe mkono, akaunyoosha mbele ya mzee mmoja kama mtu anayekabidhi kitu. "Sema shikamoo." Mtoto ana miaka saba. Alichomoa mkono, akauficha kwapani, akaendelea kuangalia gurudumu la baiskeli iliyoegemezwa ukutani. Walipomfikia mzee wa nne, mama mmoja akasema, kwa sauti ya kusikika kabisa, kwamba watoto wa siku hizi hawafundishwi. Dada akanigeukia mimi. Mimi nilikuwa katikati ya salamu zangu, nikihesabu.

Nahesabu kwelikweli. Huku kwetu Mbulu salamu si neno moja. Ukishasema saita inabidi uulizie nyumbani, watoto, ng'ombe, mahindi, mvua, halafu wale walioko mjini, na kila swali lina mguno wake wa kupokelea jibu. Wenzangu waliyaokota haya bila kujua wameyaokota. Mimi nayajua kwa namba: maswali sita kwa mzee, manne kwa jirani, mawili kwa mtu wa rika langu, kisha naruhusiwa kukaa. Hata sauti ninayosalimia nayo si yangu. Niliichukua kwa msichana mmoja wa bweni letu kidato cha kwanza, ambaye kila mtu alimpenda. Nilimsikiliza muhula mzima, nikajizoeza bafuni, nikarudi likizo nikiwa naye mdomoni. Mama alifurahi sana. Alisema shule imenifungua.

Miaka mingi baadaye nilisoma Nobody Nowhere, kitabu cha 1992 cha Donna Williams, mwanamke wa Australia mwenye usonji. Anasimulia utotoni alivyokutana na msichana aitwaye Carol, kisha akamfanya Carol kuwa vazi: mcheshi, mwenye tabasamu, anayependwa na watu. Williams mwenyewe alibaki ndani, akitazama. Nilikifunga kitabu nikaenda kunywa maji. Yaani mimi nilidhani ule wizi wa sauti nimeubuni peke yangu.

Niliambiwa nina usonji nikiwa na miaka 34, Dar es Salaam, baada ya vikao vinne na mwanasaikolojia. Kuna swali lilitupotezea nusu saa. Dodoso lilitungwa Ulaya, likauliza kama utotoni nilikwepa kutazama watu machoni. Sasa nijibu nini? Nilikwepa, ndiyo, ila huku kwetu mtoto wa kike anayeinamisha macho mbele ya wakubwa hakwepi kitu. Ana adabu. Nilisifiwa kwa hilo mpaka kanisani. Kile ambacho mahali pengine kingemshtua mwalimu, Endagikot kilinipatia jina zuri. Mtihani wa macho ulinikuta chuoni na kwenye chumba cha habari, ambako mhoji asiyemtazama waziri anaonekana hana uhakika na swali lake. Hapo nikajifunza kutazama kati ya nyusi.

Historia ya jambo hili, ukiisoma kutoka Mbulu, ina kichekesho chake. Neno lenyewe la kitaalamu lilitoka Uswisi, kwa Eugen Bleuler, mwaka 1911, na alilitumia kwa kitu kingine, dalili mojawapo ya skizofrenia. Mwaka 1943 Leo Kanner wa Baltimore aliandika juu ya watoto 11, wavulana wanane na wasichana watatu. Mwaka uliofuata Hans Asperger wa Vienna aliandika juu ya wavulana wake, na wasichana kwa kweli hawakumkaa kichwani. (Asperger huyohuyo, hati zilizochapishwa mwaka 2018 zilionyesha, alihusika kupeleka watoto Am Spiegelgrund, kituo ambako watoto walemavu waliuawa na Wanazi. Nimeshindwa kumtaja bila kulisema hilo.) Lakini kabla yao wote alikuwepo daktari wa Kisovieti, Grunya Sukhareva. Alichapisha habari za wavulana sita katikati ya miaka ya 1920, na mwaka 1927 akaandika juu ya wasichana. Wasichana! Ingechukua miongo mingi kabla dunia haijarudi pale alipokuwa amesimama.

Afrika iliingia kwenye hesabu kwa mlango mwembamba. Mwaka 1978 Victor Lotter alichapisha matokeo ya safari yake katika miji ya nchi kadhaa za bara hili, Kenya ikiwemo. Alipita kwenye vituo vya watoto wenye ulemavu wa akili, akawakagua zaidi ya 1,300, akawatambua tisa tu kuwa na usonji. Tanzania ninayoijua mimi kwenye maandishi ni ile makala ya 2006: watoto 20 walichunguzwa, 14 wakakidhi vigezo, na watatu kati yao walikuwa wamekua vizuri mpaka walipougua malaria kali. Nilipoisoma nilikaa nayo siku nyingi, maana malaria ni ugonjwa wa kila nyumba. Lakini angalia ni nani aliyehesabiwa. Lotter alitafuta vituoni. Mtoto ambaye hajapelekwa kituoni, anayechunga mbuzi vizuri na kunyamaza vizuri, hakuwa kwenye orodha. Mtu mzima ndiyo kabisa.

Kwamba mtu mzima anaweza kuuficha usonji, wataalamu wamelishika juzijuzi tu. Mwongozo wa uchunguzi wa Wamarekani wa mwaka 2013 ulikubali kwamba dalili zinaweza kufunikwa na mbinu ambazo mtu amejifunza maishani. Mwaka 2017 Laura Hull na wenzake wa Uingereza walichapisha maelezo ya watu wazima 92 waliosimulia wanavyofanya: kuandaa mazungumzo kabla, kuiga nyuso za wengine, kujilazimisha kubaki chumbani. Mwaka uliofuata utafiti mwingine wa hukohuko ukahusisha kujificha huku na mawazo ya kujiua. Mimi si wa takwimu, ila nakumbuka nilivyokuwa nikilala na viatu baada ya kazi, taa ikiwaka, nisiweze hata kumjibu mama kwenye simu.

Kuna kitu bibi alinisimulia ambacho sijakikuta kwenye utafiti wowote wa kujificha. Zamani Wairaqw walikuwa na metimani, hali ya kutengwa. Aliyefiwa na mwenzi au mtoto, au binti aliyepata mimba kabla ya ndoa, alihesabiwa kuwa na unajisi unaoweza kuwadhuru wengine. Haingii nyumba za watu, hali nao chungu kimoja, hanywi nao kibuyu kimoja, na inaweza kuchukua muda mrefu. Makanisa yaliipiga vita, nayo ikafifia. Dada yake bibi aliwahi kukaa kwenye metimani baada ya kuzika mtoto.

Nilikuwa chuoni wakati huo, nikiwa sijui lolote kuhusu mimi mwenyewe. Nikamwambia bibi, bila kufikiri, kwamba dada yake alibahatika: miezi yote ile bila kumsalimia mtu! Bibi alikuwa anapepeta maharage. Aliweka ungo chini. Akasema, "Wewe ukikaa peke yako unapumzika. Yeye alikuwa anasimama kilimani anaita watu kwa mbali, wajue bado yupo."

Sijawahi kuona aibu kama ile. Lakini wivu nao haukuisha, na sina haja ya kudanganya. Mila ile ilikuwa katili, na ndani ya ukatili wake kulikuwa na kitu nilichokitamani tangu utoto: jamii nzima kukubaliana kwamba fulani, kwa sasa, asidaiwe salamu.

Badala yake nilipewa maelezo. Dar es Salaam, nikikaa kimya kikaoni, walisema Wambulu ndivyo walivyo, watu wa baridi, wapole. Nikirudi Endagikot na ukimya uleule, wanasema kasoma sana, anajisikia. Kila mahali walinifumia nguo, nami nikaivaa, maana kukanusha kungehitaji maneno mengi zaidi ya kukubali. Nadhani ndiyo sababu nilichelewa kujulikana, hata kwangu mwenyewe. Ukabila na elimu vilinifichia kazi nusu.

Mpwa wangu hana bahati hiyo. Hajasoma sana, na huko Mbulu kila mtu ni Mmbulu.

Usiku ule, wageni walipopungua, nilimwambia dada. Kiiraqw kilinikatikia njiani, nikamalizia kwa Kiswahili: usonji. Akauliza kama si ule ugonjwa wa watoto. Nikamweleza kwamba si ugonjwa, na kwamba watoto hao hukua. Nikamtajia Donald Triplett, yule wa kwanza kati ya wale 11 wa Kanner, aliyefanya kazi benki, akacheza gofu, na kufa mwaka 2023 akiwa na miaka 89. Dada hakujali sana habari za Mississippi. Alikaa, akachochea moto.

"Mbona wewe uliweza?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali mengi, nimeyapanga kwa namba kama kawaida, na hilo halikuwemo. Nilimwonyesha mikono. Siku tatu za kushikana mikono na watu, nami nilikuwa nimejichubua kucha mpaka nyama, nikaificha chini ya kanga. Aliishika, akaigeuza kwenye mwanga wa moto, akaiangalia muda mrefu. Tumelala kitanda kimoja miaka kumi na moja, mimi na dada.

"Tangu lini?"

"Tangu darasa la kwanza."

Kesho yake mchana likaingia gari la ndugu kutoka Babati. Dada alimtazama mwanawe, akanitazama mimi, akajifunga kanga vizuri, akaenda kuwapokea peke yake. Mimi nilichuchumaa kwenye baiskeli. Gurudumu la mbele lina spoki 32, la nyuma 40. Alikuwa ameshazihesabu, ila alitaka na mimi nizihesabu.