Shimo kwenye Simu ya Mzee

Hapa Karusandara kuna mzee mmoja mwenyeji aliyefanya kazi mgodini Kilembe. Ana simu nyeusi ya zamani, ile ya kuzungusha namba kwa kidole. Alituazima tuwaonyeshe vijana wa kikundi chetu. Ubavuni ilikuwa na katundu kadogo. Kijana mmoja akataka kumfurahisha mzee: akapasha kisu moto, kama tunavyoziba bidoo la maji. Wapi! Simu haikuyeyuka. Ilitoa harufu kali, ukingo ukameguka, tundu likaongezeka.

Niliona aibu. Sisi tumetoka Kongo, mwenyeji ametuamini na kitu chake, sasa tumekiharibu.

Kumbe ile si plastiki ya bidoo, ni bakelaiti. Leo Baekeland, mzaliwa wa Ubelgiji aliyehamia Marekani, aliitengeneza mwaka 1907 kutokana na fenoli na fomaldehaidi, kwa joto na mgandamizo. Mara nyingi huongezwa unga wa mbao ili isivunjike ovyo. Ikishakuwa ngumu hairudi tena kuwa laini, sawa na yai lililochemshwa. Haipitishi umeme, ndiyo sababu simu na swichi nyingi za zamani zilitengenezwa nayo.

Reli ilifika Kasese mwaka 1956, ikifuata shaba ya Kilembe. Shaba ilipanda treni hadi Jinja kuyeyushwa, kisha ikaelekea Mombasa na ng'ambo. Nyaya za simu nazo ni za shaba. Lakini mzee anasema wachimbaji wenzake simu waliisikia tu ikilia ofisini. Hii yake aliinunua kwa fundi mjini Kasese, miaka mingi baada ya mgodi kusimama mwanzoni mwa miaka ya 1980. Haijawahi kuunganishwa popote. Anaiweka mezani tu, ni yake.

Basi tukaitengeneza hivi. Tulisafisha ukingo kwa spiriti na kuukwaruza kidogo ili gundi ishike. Ndani tukabandika selotepu. Tukachanganya araldite, ile gundi ya tyubu mbili, na masizi yaliyochekechwa ili iwe nyeusi. Tukajaza hadi ikazidi kidogo juu, tukaacha siku nzima. Kesho yake tukasugua kwa msasa wa maji, kwanza wa kukwaruza, halafu laini, mwisho dawa ya kung'arisha. Usisugue pakavu: bakelaiti nyingine za zamani zina asbesto, na vumbi lake linaharibu mapafu. Lowesha, ufunge na barakoa.

Tulimrudishia Jumamosi. Mzee alipitisha ukucha ubavuni, polepole.

"Bado napaona," akasema.

Tukanyamaza. Akauliza, "Aliyechoma ni nani?"

Kijana akainua mkono.

"Na aliyeziba?"

Akainua mkono uleule.

Mzee akaingia ndani, akatoka na redio yenye kifuniko kilichopasuka. "Hii ni plastiki," akamwambia. "Ila wewe uliza kwanza."

Bado anayo. Kisu hajapasha.