Kanisa Kati ya Dola na Soko: Huduma ya Tiba Nyanda za Kati tangu 1977

Kolo, katika wilaya ya Kondoa, hujulikana zaidi kwa michoro ya miambani iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Baadhi ya mapango hayo, hasa Mungumi wa Kolo, ni mahali pa matambiko ya uponyaji na ya kuomba mvua. Mgonjwa hakumwendea mganga mikono mitupu. Kwa hiyo swali la nani agharamie uponyaji halikuletwa na wamisionari wala na Serikali, wote walilikuta.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967 Serikali ilikusudia tiba iwe haki ya kila raia, itolewayo bila malipo, na katika miaka ya 1970 zahanati zilijengwa vijijini kwa kasi. Mwaka 1977 Bunge lilipitisha sheria ya hospitali za binafsi iliyopiga marufuku tiba ya kutafuta faida. Wako wadhanio kwamba sheria hiyo ilifunga kila hospitali isiyo ya Serikali. Sivyo. Mashirika yaliyoidhinishwa, ya dini yakiwamo, yaliachwa yaendelee kwa kuwa yalihesabiwa kuwa hayafanyi biashara. Ndivyo Hospitali ya Kilutheri Haydom, iliyofunguliwa 1955, na ile ya Kianglikana ya Mvumi zilivyoendelea kupokea wagonjwa.

Lakini hapa pana jambo la ajabu. Serikali ilitibu bure. Hospitali za misheni zilitoza ada, ingawa ndogo. Hata hivyo, dawa zilipoadimika katika zahanati za umma mwanzoni mwa miaka ya 1980, wengi waliona heri kusafiri mbali na kulipa. Walilipa kwa nini? Kwa mkulima wa vilima vya Irangi, akiba ilikuwa mbuzi au ng'ombe. Nayo mifugo iliondolewa mwaka 1979 katika eneo la Kondoa lililoharibiwa na mmomonyoko, chini ya mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma (HADO). Uoto ulirejea, na hilo tulikiri kwa shukrani. Walakini dola iliyoahidi tiba ya bure ndiyo iliyoisogeza mbali akiba ya mwananchi, wakati ule ule ambapo ahadi yenyewe ilianza kupwaya. Wanaoitetea serikali kuu kana kwamba ndiyo kinga pekee ya maskini hawana budi kulitafakari jambo hili.

Soko nalo lilirudi upesi. Mwaka 1991 sheria ilirekebishwa, tiba ya faida ikaruhusiwa. Mwaka 1992 Serikali na makanisa walitia sahihi hati ya makubaliano, ikaanzishwa Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii; mwaka huo huo Hospitali ya KCMC ilirudishwa kwa Shirika la Msamaria Mwema. Mwaka 1993 uchangiaji wa gharama ukaanza katika hospitali za Serikali zenyewe. Sasa wote wakatoza: dola, mfanyabiashara, na Kanisa.

Hapo ndipo penye uzito kwetu. Mwaka 1977 sheria ilitutenga na wafanyabiashara. Tangu 1991 haitulazimishi tena kuwa tofauti nao. Katika Luka 10 mwenye nyumba ya wageni hakemewi kwa kupokea dinari mbili, maana chakula na malazi vina gharama. Lakini aliyelipa si yule majeruhi, tena malipo yalitolewa kabla gharama yote haijajulikana. Mahubiri yetu humsifu Msamaria na kumsahau mwenye nyumba, ilhali bodi zetu za hospitali zimeketi kwenye kiti cha huyo wa pili.

Mfuko wa Afya ya Jamii, ulioanzia Igunga katika miaka ya 1990, ulijaribu kumpata mlipaji mwingine: kaya zichange kabla ya ugonjwa, na fedha ya umma iongezwe juu yake. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inafuata njia hiyo kwa upana zaidi. Kwa mkulima wa Kolo, avunaye mara moja kwa mwaka, tarehe ya kudaiwa mchango ni jambo kubwa sawa na kiasi chake; na katika miezi ya njaa, kabla ya mavuno, ni nani atakayemlipia?