Safu ya Lugha: Kizazi na uzao

Nasikia wahubiri wakisema "kizazi cha Adamu kiliijaza dunia". Wanakusudia uzao. Maneno yote mawili yametoka katika kuzaa, lakini kizazi ni ngazi moja tu: Sethi, mwana wa Adamu, na nduguze ni kizazi kimoja, watoto wao kingine. Uzao ni wote, watoto, wajukuu, vitukuu na vilembwe, hata wasiozaliwa bado. Nasaba nayo ni ule mstari wa majina, fulani bin fulani.

Tofauti hii ndiyo inayobeba maelezo ya kitabu cha Mwanzo, sura ya 5. Adamu anamzaa Sethi akiwa na miaka 130, anazaa wana na mabinti wengine, kisha anakufa na miaka 930. Jumlisha umri wa kila baba alipozaa: Lameki, baba yake Nuhu, anazaliwa Adamu akiwa na miaka 874. Vizazi 9 viko hai kwa pamoja! Ukisema "kizazi" kimoja umeifuta hesabu yote hiyo. Katika orodha hiyo Henoko ni wa kizazi cha 7, ukianza na Adamu, na Waraka wa Yuda humhesabu vivyo hivyo.