Jembe la Pamoja na Upweke wa Wazee



Katika kurasa hizi tumezoea kueleza habari za michango, wagonjwa na mazishi. Mwaka huu tumeona vema kuandika juu ya upweke wa wazee wetu, kwa kuwa fedha peke yake haziuondoi, na historia yatuonyesha sababu.

Zamani kazi ya mwili na ujirani vilikuwa kitu kimoja. Wakamba walikuwa na mwethya, Wakikuyu ngwatio, na Wajaluo saga. Majirani walikusanyika shambani mwa mmoja wao, leo kwako, kesho kwangu, na mwenye shamba akawaandalia chakula au pombe. Aliyekwenda kulima alikwenda pia kupata habari, na asiyeonekana aliulizwa.

Huko pwani, mwishoni mwa karne ya 19, ilizuka ngoma ya beni, yenye gwaride na vyeo vya kijeshi. Mombasa ilikuwa na mashindano ya Kingi na Skochi, na katika vita vya 1914 hadi 1918 askari na wapagazi waliieneza mbali bara. Wachezaji hao walisaidiana katika ugonjwa na kuzikana. Twaweza kuwaita babu za vyama kama hiki chetu: walicheza pamoja, na pamoja wakachanga.

Ndipo mambo yakageuka. Reli ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, ikafika Ziwa Victoria mwaka 1901. Kodi na kazi za mshahara ziliwatoa vijana vijijini, wazee wakabaki. Hata hivyo mzee alikuwa bado na safari zake: kwenda sokoni, kisimani, posta, na kwa jirani kuomba moto.

Siku hizi, kwa upendo mwema, twampunguzia mzee hata safari hizo. Tangu mwaka 2007 fedha hutumwa kwa simu. Kibarua hulima shamba lake. Pikipiki humletea unga mlangoni. Mwili wake umepumzika, lakini kila safari tuliyomwondolea ilikuwa na salamu zake. Tulipomwondolea mzigo, tulimwondolea na watu.

Jambo hili huzunguka kama gurudumu. Asiyetembea hakutani na watu. Asiye na watu huona hana sababu ya kutoka. Na magoti yasiyotumika hudhoofika, hata kutoka kukawa kugumu kweli. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba hata waliopita miaka 65 wajitahidi kupata angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kila juma, kadiri ya afya zao. Mwaka 2025 likaeleza kwamba mtu mmoja kati ya kila 6 duniani huona upweke. Shauri hizo mbili twaziona kuwa moja.

Kwa hiyo twawaomba wanachama, wanapomtembelea mzee, wasikae naye kitini tu, bali wamwombe awasindikize mpaka njiani, mwendo wake mwenyewe. Mikutano ya tawi ifanyike mahali anapoweza kufika kwa miguu, naye apewe kazi ya kufanya: kupokea wageni, kupanda miche, kufundisha vijana ngoma. Asipofika, mtu atumwe siku ile ile kumwuliza hali. Mchango wa mazishi tutaendelea kuutoa; lakini ni heri mzee atuone tukimjia angali hai.