Shaba, Moto na Mwenye Mali: Uvutaji wa Waya Katika Dola ya Msiri

Historia ya nguvu za uzalishaji mali katika Afrika iliandikwa kwa muda mrefu na watu waliotazama bidhaa bila kumtazama fundi. Misalaba ya shaba ya Katanga, iliyotumika kama fedha, imehesabiwa na kupigwa picha. Lakini ni wachache waliojiuliza jinsi waya wa shaba, ule ambao watu wa pwani waliuita masango na, ukiwa mwembamba zaidi, udodi, ulivyopatikana bila mashine. Sisi tutaanza na kazi yenyewe, kisha tufike kwa aliyeimiliki.

Shaba ina tabia inayomtawala fundi. Ukiifua au kuivuta ikiwa baridi, mwanzoni inakubali. Ukiendelea inakaza, na ukiilazimisha inapasuka. Sababu imo ndani yake: shaba imeundwa kwa fuwele ndogo ndogo, na kila pigo la nyundo huvuruga mpangilio wa fuwele hizo mpaka zisiweze tena kuteleza. Dawa yake ni moto. Ikipashwa mpaka iwe nyekundu, bila kuikaribia nyuzi 1,085 za Selsiasi inapoyeyuka, fuwele mpya hujijenga na ulaini hurudi. Hapa shaba haifanani na chuma cha pua. Pua ikichovywa majini ingali nyekundu huwa ngumu. Shaba hata ukiizima kwa maji hubaki laini. Mtu aliyejua jambo hili alikuwa na elimu, ijapokuwa hakuiandika kitabuni.

Katikati ya karne ya 19, Msiri, mtu wa Usumbwa, magharibi ya Unyamwezi, alifuata njia ya biashara ya baba yake Kalasa, akaweka makao yake Bunkeya huko Katanga. Watu wake, Wayeke, walisifika kwa kuvuta waya. Ufito wa shaba ulifuliwa, ukachongwa ncha, ukapitishwa katika tundu la bamba la chuma na kuvutwa kwa koleo. Kisha tundu dogo zaidi, na jingine dogo zaidi. Waya ulipokaza ulirudishwa motoni. Kwa hiyo kila pingu la waya lilikula mkaa mwingi, na nyuma ya mkaa walikuwako wakata miti, wachoma mkaa na wavuta mivukuto ambao majina yao hayakuhifadhiwa na mtu.

Tusimpambe Msiri. Dola yake ilisimama juu ya kodi, pembe na watumwa. Misafara yake ilifika Benguela upande wa Atlantiki na pwani yetu upande huu, ikarudi na bunduki na baruti. Fundi alifua, mtawala aligawa. Wasanga walipoasi, waliasi dhidi ya unyonyaji halisi, si dhidi ya kivuli.

Ubeberu ulilitumia pengo hilo. Tarehe 20 Desemba 1891 Msiri alipigwa risasi na kuuawa na Kapteni Bodson wa msafara wa Stairs, uliotumwa kwa maslahi ya Mfalme Leopold. Wapagazi na askari wengi wa msafara huo waliajiriwa Unguja na pwani, jambo ambalo sisi wa upande huu hatupendi kulitaja.

Union Minière iliundwa mwaka 1906, na mwaka 1911 tanuri lake la Lubumbashi likatoa shaba ya kwanza. Kwa miaka mingi shaba ghafi nyingi ilisafirishwa kwenda kusafishwa Ubelgiji. Msiri alikuwa amemnyang'anya fundi waya wake. Kampuni ilimnyang'anya ufundi. Mjukuu wa mvuta waya aliingia mgodini akiwa kibarua, akipewa sururu na posho, na hakuna aliyemwuliza anajua nini juu ya shaba.

Mwaka 1967 serikali ya Kongo iliitaifisha kampuni hiyo. Migodi na matanuri vilibadili mwenyewe. Kufikia hapo mafundi wa Bunkeya walikuwa wamekwisha kuacha kuvuta waya kwa miongo kadhaa.